Uzi wa chai ya saa nne: tunazunguka migahawa ya mjini kati Dar kila wikiendi, karibuni tupeane mrejesho

MLETA UZI

Wakuu habari za wikiendi.

Sisi ni watano, wanawake wawili wanaume watatu, tulisoma wote sekondari. Saivi kila mtu kashikwa na maisha yake, mmoja Kimara, wawili Mbagala, mmoja Kigamboni, mimi Tabata. Mwaka jana tukagundua tunaonana kwenye misiba na harusi tu, na harusini huwezi hata kuongea na mtu maana spika iko sikioni. Ndo tukakubaliana kila wikiendi anayeweza aje mjini tunywe wote chai ya saa nne, ile ambayo siku hizi wanaiita branchi. Mi nasema chai ya saa nne kwa sababu ndo jina tulilokua nalo shuleni na makazini na kila mtu analielewa.

Kwa nini mjini kati na sio Masaki au Mikocheni? Kwa sababu mjini ndo katikati yetu kweli. Wa Kimara anapanda mwendokasi anashuka kituo cha Kisutu, wa Kigamboni anavuka na pantoni anatokea Kivukoni, wa Mbagala wanashukia Kariakoo wanatembea, mimi napanda daladala moja tu. Masaki ukitoa nauli ya bajaji kwenda na kurudi tayari hela ya chai imeisha kabla hujakaa.

Tumeshazunguka wiki tisa sasa. Vipimo vyangu ni viwili tu: chai iwe chai, na tuachwe tukae. Hicho cha pili ndo kimetusumbua, na ndo sababu ya kuanzisha uzi.

Niwaambie ya wiki ya pili. Tulienda mgahawa mmoja wa kisasa, jina naliacha, uko ghorofani kwenye jengo la vioo, viti vizuri, AC, mandhari unaona bandari yote. Mayai yalichukua dakika 50. Chai ilikuwa maji ya moto na kijimfuko pembeni, na maziwa ya baridi kwenye kikombe kidogo cha kuchezea mtoto. Tukala tukapiga hesabu kwa bei za kwenye menyu tukapata 142,000, sawa, mtu mmoja kama 28,000 na kitu, tulishajiandaa. Bili ikaja 181,760. Wameongeza VAT asilimia 18 na huduma asilimia 10 na kwenye menyu hakuna mahali popote pameandikwa kwamba bei zile ni kabla ya hayo. Tuliuliza kwa heshima, tukaambiwa ndo utaratibu. Kilichoniuma sio hela yangu, ni rafiki yetu mmoja wa Mbagala alikuja na elfu 30 aliyoihesabu toka nyumbani, ikabidi aseme mbele ya mhudumu kwamba haitoshi. Alicheka lakini namjua toka form one, hakupenda. Toka siku hiyo sheria yetu ni moja, kabla ya oda mtu anauliza kwa sauti "dada, bei hizi ndo za mwisho?" na hakuna kuona aibu.

Wiki ya tatu tukahamia Kisutu na hapo ndo utamu ulipoanza. Majina ya vijiwe mnisamehe, vingine havina hata kibao, nitawaelekeza kwa mitaa. Kuna duka la chai upande ule wa mahekalu ya Wahindu, meza za marumaru zimechakaa kingo, feni za juu, mzee kakaa kwenye kaunta anapokea hela. Mpishi wa badia anakaa mlangoni kabisa na karai lake. Nilisimama kumwangalia. Anachota mchanganyiko kwa vidole vitatu, anausukuma kwa dole gumba unadondoka kwenye mafuta, zote zinatoka ukubwa wa limau dogo, na wala haangalii, anaongea na mteja huku. Zinakuja na chatne ya nazi yenye pilipili na ndimu, unachovya ikiwa bado inaunguza. Tulikula watano hivi: chai vikombe vitano 5,000, chapati nane 8,000, supu bakuli tatu 12,000, badia na kachori 5,000. Jumla 30,000, kila mtu buku sita, na tulishiba mpaka jioni.

Tatizo sasa. Jumamosi saa nne pale watu wanasimama nyuma ya kiti chako. Hakuna anayekufukuza wala kukusemesha vibaya, ila mtu kaweka mkono kwenye egemeo la kiti anasubiri na mtoto kambeba, utakaa vipi upige stori? Tulimaliza kula kwa dakika 25 tukajikuta nje barabarani tumesimama tunaulizana sasa tunaenda wapi.

Kwa hiyo swali langu kwa wadau: mjini kati ni wapi watu watano wanakula vizuri kwa bei ya kueleweka NA wanaachwa wakae masaa mawili?

MDAU WA SINZA

Mkuu uzi mzuri ila mi naona mjini wikiendi kumekufa. Jumapili Posta unaweza kulala katikati ya barabara. Maduka yamefungwa, mama ntilie wa ofisini hawaji kwa sababu wateja wao hawapo, unabaki na hoteli kubwa tu. Kwetu Sinza kila kona kuna supu na mnakaa mpaka mchoke.

MLETA UZI

Mdau wa Sinza uko sahihi kwa Posta Jumapili, tulishalijua hilo wiki ya nne, tulizunguka Samora nzima tumbo linanguruma. Ila Kisutu na Kariakoo ni dunia nyingine. Kisutu Jumamosi ndo siku yenyewe. Kariakoo hata Jumapili kuna watu, ila wahi. Supu ya kongoro ukifika saa nne umeshachelewa, unakuta ya chini ya sufuria, chumvi imepanda na nyama zimebaki mifupa. Yule mpishi wa uchochoro karibu na Msimbazi alituambia linakaa motoni toka usiku, mkaa mdogo mdogo, na wateja wake wa kwanza ni wabeba mizigo saa kumi na moja alfajiri. Yaani sisi tunaojiita wa asubuhi kwake ni wa jioni.

MDAU WA UPANGA

Nimekulia Upanga, babu yangu alikuwa na duka mtaa wa Jamhuri, niruhusuni nichangie kidogo kwa nini vyakula vya mjini vimekaa hivyo maana watu wengi wanapita tu.

Enzi za Mwingereza mji huu uligawanywa makusudi, Uzunguni kule Kivukoni na Oysterbay, Uhindini hapa kati, Waafrika wakapelekwa Kariakoo, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati uwatenganishe. Kariakoo jina lenyewe limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa vita ya kwanza. Ndo maana mpaka leo ukivuka Mnazi Mmoja chakula kinabadilika. Upande wa Kisutu ni chai nzito ya maziwa, badia, kachori, vitu vya Wagujarati, ukivuka unakutana na supu, mihogo, vitumbua, chapati za kusukuma. Kutembea kwa mguu ni dakika kumi tu.

Na yale majengo ya ghorofa mbili tatu yenye duka chini na familia juu, mengi yalitaifishwa 1971 yakawa chini ya Msajili wa Majumba, baadaye Shirika la Nyumba la Taifa, NHC. Vile vijiwe vya chai viliishi kwa sababu ya vyumba vya chini vya majengo yale. Jengo likivunjwa lijengwe ghorofa refu, chini inakuja benki au duka la simu, kijiwe hakirudi. Mtaa niliokulia nimehesabu vitatu vimeondoka toka niko mdogo. Kwa hiyo endeleeni kuzunguka na mleteni mrejesho, mi nafurahi kweli kuona vijana wanakuja kukaa pale na sio kupita.

MLETA UZI

Mzee wangu shikamoo, asante sana. Hii ya Mnazi Mmoja sikuwahi kuiwaza kabisa na nimepita pale miaka yote. Wiki ijayo tutafanya hivyo makusudi, tunaanza upande mmoja tunavuka tunamalizia mwingine.

MDAU WA TEMEKE

Naulizia chai. Mimi nyumbani nikiweka tangawizi mbichi kwenye maziwa yanakatika, nimemwaga maziwa mara nyingi mno. Hao wa Kisutu wanafanyaje inakuja nzito hivyo?

MLETA UZI

Dada hilo swali nilimuuliza mama wa jikoni pale, ana moyo, alinionyesha kabisa. Kosa ni kuitia tangawizi mbichi kwenye maziwa ambayo hayajachemka. Tangawizi unaiponda unaichemsha kwanza na maji na majani ya chai na hiliki, ichemke kweli, dakika tano au zaidi, ndipo unamimina maziwa ambayo nayo yameshapata moto. Halafu unaacha ipande, unapunguza moto, inashuka, inapanda tena, mara tatu nne mpaka rangi inakuwa ya udongo mwekundu. Sukari mwisho. Nimejaribu nyumbani Jumapili haikukatika hata tone. Yeye anatumia nusu kwa nusu, maji na maziwa.

MDAU WA MOSHI

Nyie watu wa Dar mnaongelea chai tu, kahawa je? Sisi nyumbani Kibosho tuna migomba na kahawa chini yake toka kwa babu, tunauza tunasubiri bei ya mnada wa Moshi, afu nikija Dar naambiwa kapuchino 8,000. Kilo moja ya kahawa iliyokaangwa, ukitumia gramu 18 kwa kikombe, inatoa vikombe 55. Pigeni hesabu wenyewe 55 mara 8,000. Najua kuna maziwa, kodi ya pango, mashine, umeme, mishahara, sikatai na sitaki biashara ya mtu ife. Ila mkulima wa ile kilo anapata kidogo sana, na mimi ninachoomba angalau wakiuza waandike kwenye menyu kahawa imetoka wapi, kijiji gani, arabika ya Kilimanjaro au Mbinga au Mbozi, au robusta ya Kagera. Mgahawa ukiandika hivyo mi nalipa kwa moyo mweupe.

MLETA UZI

Mdau wa Moshi umenigusa. Wiki ya sita tulienda sehemu moja ndogo maeneo ya Samora, meza nne tu, kijana anasaga kahawa pale pale mbele yako. Nilimuuliza inatoka wapi akasema Mbinga, akatuletea na mfuko tunuse. Kapuchino 6,000, VAT imo humo humo, na tulikaa saa nzima na nusu hakuna aliyetusogelea. Ila chakula hakuna, keki tu ya jana na sambusa za baridi. Unaona sasa? Kwenye chakula hakuna kiti, kwenye kiti hakuna chakula. Hii ndo hali ya wiki zote.

MDAU MWENYE WATOTO

Sisi wenye watoto tunaweza kuja nao huko?

MLETA UZI

Kisutu ndio, familia zimejaa na watoto wanapewa chai kwenye kisosi ipoe. Uchochoroni Kariakoo hapana, jiko liko chini na watu wanapita na mikokoteni, mtoto ataungua.

MDAU WA UNGUJA

Mi nawashangaa mnatafuta mgahawa wa kukalia. Kwetu Mji Mkongwe mtu anakula kwake au kwa mama muuza, akimaliza anaenda kukaa barazani kwa muuza kahawa, pale Jaws Corner ukikaa hakuna anayekuuliza. Kula kuna pahala pake na kukaa kuna pahala pake. Hamna wauza kahawa huko Dar?

MLETA UZI (MREJESHO WIKI YA KUMI)

Wadau nimerudi, na huu mrejesho naomba msome wote.

Yule mdau wa Unguja kaandika sentensi moja kamaliza kazi ya wiki tisa. Tulikuwa tunatafuta mahali pamoja pa kula na kukaa, kumbe ni sehemu mbili na katikati yake kuna kutembea. Sijui kwa nini hatukuliona.

Jumamosi tukakutana kituo cha Kisutu saa tatu na nusu. Tukala pale pale kwa mzee wa kaunta, dakika 25 kama kawaida, na safari hii yule mama aliyesubiri kiti nilimpisha kwa furaha kabisa maana najua naenda wapi. Tukashuka taratibu mpaka Samora, tukapita kwenye sanamu ya Askari, ile ya 1927, rafiki yetu mmoja kafanya kazi miaka sita jengo la jirani na hakuwahi kusimama kusoma maandishi yake ya Kiswahili pale chini. Tukakaa dakika kumi tunasoma. Halafu tukateremka upande wa bahari tukatokea kwenye kanisa la Azania Front, paa lake la vigae vyekundu, tukafuata maji kuelekea Kivukoni.

Kule chini ya miti tulimkuta muuza kahawa. Mnamjua, mmoja wa wale wenye dele, lile birika refu la kahawa, limekaa juu ya jiko dogo la mkaa na mkono mwingine vikombe vinagongana kling kling kabla hujamwona mwenyewe. Kashusha mzigo, katuletea benchi lake na ndoo kageuza, tukakaa watano na wazee wawili waliokuwepo. Tukawaamkia, wakatusogezea kivuli. Kahawa chungu kikombe 200, kashata ya karanga 200. Kikombe ni kidogo, unameza mara tatu kimeisha, anakijaza tena bila kukuuliza mpaka ukitikise kikombe. Tumekunywa na kula vya 4,600 wote watano. Tulikaa kuanzia saa tano kasoro mpaka saa saba na robo.

Sasa kitu ambacho sikukitegemea. Yule wa Kigamboni, kaniruhusu niandike hili, alifiwa na mama yake mwezi wa tatu. Tulikwenda wote msibani tukazika. Toka hapo kila tukikutana tunamuuliza vipi anasema fresh, tunaendelea na mengine. Kwenye migahawa ile yote alikuwa anakula anaangalia simu. Siku ile pale benchini kama kikombe cha tatu au cha nne, hakuna aliyemuuliza chochote, tunaangalia pantoni inakuja, akasema tu "mama alikuwa anaogopa pantoni, kila akivuka ananishika mkono huku mbavuni." Akaonyesha na mahali. Halafu akaongea karibu saa nzima. Kuhusu hospitali, kuhusu simu aliyoikosa usiku ule kwa sababu alikuwa kalala, kuhusu nguo ambazo bado ziko kwenye kamba hajazitoa. Mzee mmoja pale alikuwa anasikiliza kimya, akamwambia "mwanangu, hizo nguo usizitoe peke yako, waite hawa." Basi. Akaagiza kahawa akamlipia.

Jumapili tulivuka wote watano na pantoni tukaenda kuzitoa.

Mimi sasa nikisikia mtu anasema tukutane tule nauliza kwanza tutakaa wapi. Nilikuwa naona kipimo cha kukaa ni starehe yangu tu. Mtu hawezi kusema kitu kama kile wakati kuna mkono kwenye egemeo la kiti chake, au anapiga hesabu ya bili kichwani.

MDAU WA UPANGA

Nimesoma hii nikiwa dukani nimetoka nje kidogo. Poleni sana na mpeni pole huyo kijana. Mwambie akipita Jamhuri aulizie, chai ipo.

MDAU WA SINZA

Pole kwa jamaa. Nafuta kauli ya mjini kumekufa. Jumamosi hii naweza kuja au ni kwa nyie watano tu?

MDAU WA TEMEKE

Na mimi. Na tangawizi imekubali, haikukatika. Naulizia tu mwezi wa Ramadhani mnafanyaje, maana Kisutu na Kariakoo wengi mchana wanafunga.

MLETA UZI

Karibuni wote, benchi halina kadi ya mwaliko. Ramadhani tutageuza ratiba iwe baada ya magharibi, kuna mishkaki na kuku wa Mamboz pale kona ya Libya na Morogoro Road, ile ni ya jioni hata siku za kawaida, na wauza kahawa usiku ndo wengi zaidi.

Jumamosi hii tunafuata wazo la mzee wa Upanga, tunaanza Kariakoo kwa supu kwa hiyo ni mapema, saa mbili kamili kituo cha mwendokasi cha Msimbazi, atakayechelewa atakuta mifupa. Tukimaliza tunavuka Mnazi Mmoja kwa miguu, badia Kisutu, halafu benchi Kivukoni. Vaeni viatu vya kutembea, lile jua la saa tano halina huruma. Na njooni na hela ndogo ndogo, mia mbili mia tano, yule muuza kahawa hana lipa namba na chenji ya elfu kumi hana.